Alama ya Kidole Kwenye Mchoro

Mombasa,
Jumapili baada ya kanisa

Kwako dada Mwongeli,

Nakusalimu, na kupitia kwako namsalimu mama, maana najua wewe ndiye mdomo wa barua zangu. Magoti yake yanaendeleaje? Mvua imeshuka huko Tulia, au ni mawingu tu yanawazungusha? Na yule mbuzi mmoja bado yupo, au mmemla bila kunibakishia hata mkia? Mimi mwili ni mzima. Msomee mama mpaka hapa kwa sauti, kisha ukunje barua, uingie jikoni, usome yanayofuata peke yako kwanza.

Dada, sitafanya mtihani. Chuo kimeniondoa kwenye orodha kwa sababu ya masomo niliyokosa. Barua yenye muhuri inakuja huko kwa jina la mama, na wewe ndiwe utakayeifungua. Nimeona heri uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwao.

Unakumbuka uliponiandikia kwamba ng'ombe wote wawili wamekufa na mama anajifanya hana njaa ili watoto wako wale? Nilikaa na barua ile mfukoni siku mbili. Baada ya wiki chache mkapokea gunia la unga kwa basi, ukaniuliza kama chuo kinawapa wanafunzi unga. Nikakujibu kwamba tunapata kidogo. Nilikudanganya. Unga ule ulitoka kwa vinyago.

Kuna banda la wachongaji hapa, karibu wote ni watu wetu, ni Kikamba kutwa nzima. Mkubwa wao ni Mzee Kilonzo wa upande wa Makueni, aliyechonga pamoja na baba zamani. Nilienda kumwamkia tu. Alinitazama vidole kabla ya uso.

"Wewe ni mwana wa Muthiani," akasema. "Kamata huo msasa, usikae bure kama mgeni."

Nikashika. Unajua kwetu, mzee akikuita kazini huwezi kumwambia una haraka. Lakini nisisingizie adabu, nilikuwa nautaka ule unga.

Nilianza na Jumamosi peke yake, kusugua swala wa mpingo na kuwapaka rangi ya viatu mpaka wang'ae. Kumbe meli ya watalii ikitia nanga, banda zima hufanya kazi tangu alfajiri, na meli haiulizi una somo gani siku hiyo. Jumatatu na Jumatano ndizo siku zetu za upimaji wa ardhi. Tunatoka na vyombo wanafunzi wanne wanne, mmoja anashika fimbo ya vipimo, mwingine anachungulia darubini, wengine wanaandika na kukokotoa. Nikajiambia nitanakili daftari la Kahindi, rafiki yangu wa Kilifi ninayelala naye chumba kimoja. Namba nilizinakili zote, wala sikujua hata moja imetoka kwenye kilima gani.

Kahindi alinivumilia sana, mpaka siku moja akachoka.

"Nzioka, mimi nashika fimbo yangu na yako. Na ukija darasani walala tu."

"Hii kazi ni ya muda kidogo, ndugu yangu."

"Na masomo je, ni ya milele?"

Nilimnunia wiki nzima, mjinga mimi.

Mwaka wa kwanza mwalimu wa uchoraji alikuwa akiniambia nishushe mkono niwaachie na wengine wajibu. Mchoro wangu ulitundikwa ukutani. Mwaka huu niliporudi darasani baada ya meli mbili, alinikaribisha kwa sauti ya upole, "Karibu mgeni. Una swali, ama unapita tu?" Darasa likacheka, na mimi nikacheka nao. Sikuwa na swali lolote. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kisha ukaja mchoro wa mwisho wa mwaka, wa daraja. Vidole vyangu vimepasuka, na ule weusi wa rangi ya viatu umeingia kwenye nyufa. Nilinawa kwa mafuta ya taa, haukutoka. Nilipoinua rula nikakuta alama nzima ya kidole gumba juu ya karatasi nyeupe, katikati ya daraja. Nikaikwangua kwa wembe, karatasi ikatoboka. Mwalimu aliinua ule mchoro akautazama sana. Hakunigombeza. Alisema tu, "Wewe nilikuwa nakutegemea." Heri angenichapa.

Orodha ilipotoka bila jina langu nilienda kwa mkuu wa chuo. Aliniuliza nilikuwa wapi, nikamweleza yote, hata habari ya ng'ombe. Akaweka kalamu chini. "Kuna kazi za maktaba kwa wanafunzi wenye shida nyumbani," akasema. "Ni za jioni, hazigusi masomo. Kwa nini hukusema?"

Wewe unajua sababu, Mwongeli. Kwetu tunafundishwa kuwasha moto jikoni hata kama hakuna cha kupika, ili majirani waone moshi. Nami niliwasha moshi hapa mwaka mzima.

Naona aibu kwako kuliko kwa mtu yeyote. Uliacha shule darasa la saba ili mimi niendelee, na hujanikumbusha hata siku moja. Afadhali ungenikumbusha. Mkuu anasema naweza kuomba kurudia mwaka, ila nafasi wanapewa wapya kwanza.

Nisalimie shangazi Kalunde na vyondo anavyosuka, na Mama Mueni wa kwaya. Mwambie asinitaje tena kwenye maombi kama injinia, anitaje kwa jina tu. Watoto wako wapapase vichwa kwa mkono wangu.

Mama msomee yote, sitaki umbebee uongo wangu. Limebaki moja, na hilo mwambie ukimwona ana nguvu. Unakumbuka baba, kabla vumbi la mpingo halijammaliza kifua, alivyotuita wote akasema yeye ndiye wa mwisho katika nyumba hii kukalia gogo la mchongaji? Jana Mzee Kilonzo alinipa tezo ya kuchongea na gogo langu mwenyewe, akawaambia wenzake sasa mimi ni fundi. Walinipigia makofi, walifurahi kweli. Leo banda halina mtu. Barua hii nimeiandikia juu ya goti, nikiwa nimelikalia gogo hilo.

Mdogo wako anayekupenda,
Nzioka