Kwako Mzee Pua, Mwaka Mmoja Baada ya Homa Ile

Mwaka umetimia, mpendwa wetu, tangu homa za jioni zikuondoe kwetu. Kiti chako cha dirishani bado hakina mtu. Mgeni akikisogelea tunamwelekeza kwingine, naye anaelewa.

Mtaani ulikuwa mtu wa maabara. Nyumbani ulikuwa Mzee Pua. Hukunywa chai kabla ya kuinusa, hukuvaa shati kabla ya kulinusa, na mkeo hakuchoka kusimulia jinsi ulivyonusa juisi mbele ya wakwe siku ya kwanza kufika kwao. Ulicheka kila mara kama ndiyo kwanza unaisikia. Pua hiyohiyo ndiyo ilikuwa fahari yako kazini. Ulituambia kila bakteria akioteshwa kwenye kisahani ana harufu yake, na kwamba wewe ukifunua kifuniko na kuvuta pumzi kidogo tu, umeshamjua kabla ya mashine. Waliosomea kazi hiyo majuzi walikukataza. Uliwajibu kwamba ulianza kunusa kabla hawajazaliwa.

Kazi uliipenda kupita kiasi. Mezani ulitueleza jinsi bakteria wa mnyama na wa mtu wanavyoweza kuwa na jina moja lakini wakawa wa koo tofauti, na kwamba vinasaba vyao vikisomwa hujulikana ugonjwa umetoka kwa nani. Mama yako alikusihi umalize kula kwanza. Aliyekusikiliza ni binti yako mkubwa. Alisikiliza mpaka naye akaisomea kazi hiyo, akaajiriwa maabara ileile, mkakaa meza moja. Siku aliyoanza ulitembea mtaani kama umeshinda uchaguzi.

Ulipoanza kuumwa tulidhani ni uchovu. Homa ilikuja jua likizama, ikaondoka asubuhi na kuacha shuka zimelowa. Ilipokufikia moyoni, daktari alisema ni ugonjwa wa kutupa mimba, ule wa mifugo, akatuuliza kama tunafuga. Tulifuga mbuzi. Maziwa ya mmoja wao yalikutwa na bakteria wa jina hilohilo, na baada ya kukuzika, mdogo wako hakutaka kusikia zaidi. Aliwachinja mbuzi wote, hata yule mweupe aliyezoea kukusindikiza mpaka getini. Mama yako ndiye aliyekuwa akikukamulia. Mwaka mzima amekuwa akisema amekuua kwa mkono wake.

Kemikali za mashine ya kusomea vinasaba ziliadimika muda mrefu, zikapatikana mwezi huu. Binti yako akawalinganisha bakteria waliotoka kwenye damu yako, wale wa mbuzi wetu, na wale waliohifadhiwa maabara. Siku hiyo alirudi mapema, akapiga magoti mbele ya bibi yake bila hata kuvua viatu.

"Bibi, si mbuzi wetu. Wale ni ukoo mwingine kabisa."

Wako walilingana na wa ng'ombe mmoja aliyetupa ndama, ambaye sampuli yake ilifika mezani kwenu muda mfupi kabla hujaanza kuumwa. Mama yako alishusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa sauti. Tulitaka kufurahi naye. Lakini mkeo alikuwa akimtazama binti yake tu, akamuuliza bakteria wa ng'ombe huyo walikupataje wewe usiyewahi kukanyaga zizi la mtu.

"Baba alikinusa kisahani chake," akasema. "Akafurahi sana. Kisha akanisogezea, akaniambia, mwanangu, na wewe nusa, uijue."

Mkeo aliinuka, akamwekea kiganja shingoni, akakiacha hapo. Ndipo tulipokumbuka shuka ambazo siku hizi binti yako anazifua mwenyewe kila asubuhi, na jinsi tulivyomtania kwamba sasa ameiva kuolewa.

Hatukulaumu. Tunasema hivyo, na siku nyingine si kweli. Ulimpa kitu ulichokithamini kuliko vyote ulivyokuwa navyo, na sisi tungekuwa mezani pale tungekushangilia. Tunakupenda na tuna hasira nawe, na hatujui la kufanya na hayo mawili.

Anakukumbuka mama yako, ambaye ameacha kujilaumu na kuanza kuogopa. Anakukumbuka mkeo, ambaye jioni ikikaribia hukaa karibu na mlango wa chumba cha mwanawe. Anakukumbuka mdogo wako, asiyepita tena kwenye banda tupu la mbuzi. Anakukumbuka binti yako mkubwa, ambaye ameshaanza dawa, na ambaye damu yake inaoteshwa sasa kwenye kabati la joto pale maabara, kwenye rafu uliyokuwa ukiitumia wewe.

Mioyoni mwetu hutoki, Mzee Pua. Kisahani cha damu yake kimezungushiwa utepe mwekundu. Safari hii hakuna atakayekinusa.