Kibao Nyuma ya Sketi Yako

Dada Eunice,

Madam hakunipa ruhusa ya kusafiri, kwa hiyo mazishi yako niliyaona kwenye simu, nimesimama jikoni hapa Jeddah. Nyuma ya kijitabu cha ibada waliweka ile picha yako na nyumba nyeupe yenye mlango wa buluu. Mjomba akashika kipaza sauti: "Binti yetu alijipatia nyumba Amerika, ni hii hapa!" Watu wakapiga makofi. Makofi, Dada, kaburini.

Wiki jana nikipiga pasi, Beatrice uliyekuwa ukiishi naye huko akanipigia. Nikamwuliza nyumba itabaki na nani. Akasema: "Nyumba gani, Mercy? Ile? Eunice alitaka kuipanga, wenyewe wakamwambia imeshachukuliwa. Kibao cha kupangisha kilikaa pale mpaka baridi ikaisha." Akasema mji wenyewe ni mdogo, na nyinyi weusi wote mnakaa ng'ambo ya reli. Hakuna palipoandikwa msivuke. Mnaambiwa tu kumejaa, tena kwa tabasamu.

Pasi ikachoma kanzu ya baba wa hapa. Madam alipiga kelele, sikusikia hata neno.

Nikaikuza picha. Kando ya sketi yako ya kijani kuna mguu wa mbao. Miaka yote nilidhani ni sanduku la barua. Ni kibao, Dada. Ulisimama mbele yake ukakifunika kwa mwili wako, ukacheka. Ulirudi pale baada ya kukataliwa? Nani alikushikia simu akupige picha? Bado siamini.

Na mimi je? Unakumbuka picha niliyokutumia kutoka Riyadh, nimeketi kwenye sofa la dhahabu? Ukanijibu, "We mtoto, shuka, utalichafua watu wakufukuze!" Nilicheka hadi machozi. Madam alikuwa ameenda harusini. Sofa lile sikuruhusiwa kulikalia. Kikombe changu kilipakwa rangi ya kucha ili kisichanganyike na vyao. Nililala chumba cha kufulia, na tulipohamia Jeddah, ni vilevile. Watoto wa mama mmoja, kila mmoja akidhani mwenzake amepata. Ungeniambia tu. Ningekuambia.

Mama ameitia ile picha yako kwenye fremu. Mgeni haonji chai kabla ya kuonyeshwa picha hiyo. Nilitaka nimwache nayo hivyo hivyo. Lakini jana nikajipiga picha mimi, godoro na mashine ya kufulia, nikamtumia. Akapiga simu: "Mbona umekaa stoo?" Nikamwambia, Mama, hapa ndipo ninapolala. Akalia. Halafu akauliza polepole, "Na Eunice?"

Nikamwambia, Mama, nitakueleza nikifika.

Nivumilie, Dada, mpaka nifike nyumbani. Nitaketi kando ya Mama, nimwonyeshe ule mguu wa kibao kwa kidole changu. Picha sitaiondoa ukutani. Ni wewe yule, na sketi ile nilikushonea mimi.

Lala, Dada. Hapo ulipo ni shamba la baba. Hakuna atakayekuambia kumejaa.

Mdogo wako,
Mercy