Udi kwenye Rangi Nyeusi

Ruwais, Jumanne

Sitakwenda Riyadh. Ami Salim amesema mbele ya watu wote, na mimi nikainamisha kichwa kama kawaida yangu.

Kosa ni la Bi Zuhura, mkewe. Juzi, kwa ajili ya wageni, alifukiza udi chumba chenye vipande vya ukuta ambavyo Ami anavichunguza rangi, vya kasri lililobomoka zaidi ya miaka elfu iliyopita. Masanduku ya vipande yalikuwa wazi. Nilimwambia moshi utaingia kwenye rangi. Akanijibu, "Kwani plasta haitaki kunukia?"

Leo Ami alipangusa rangi nyeusi kwa pamba yenye spiriti, ikatoka na mafuta ya manjano. Alivyofurahi! Akaanza kuandika kwamba mafundi wa kale walichanganya rangi na utomvu wa miti.

Ningenyamaza, ningekuwa msaidizi wake kwenye maabara ya Riyadh. Lakini ungechapishwa uongo.

Nikamwomba ajaribu kipande kilichokuwa kwenye kopo lililofungwa. Pamba ikatoka nyeupe. Nikasema, kwa sauti ndogo, ni udi.

"Nani kafukiza?"

Bi Zuhura hakuacha hata kukunja nguo. "Muulize uliyemwachia ufunguo."

Ufunguo ninao mimi.

"Halas, basi," Ami akasema. "Masanduku yamemshinda, maabara ataiweza?" Kisha akachana ukurasa wake, akaandika upya kama nilivyosema mimi.

Ningenyamaza? Hapana, hata sasa nasema hapana. Lakini nawachukia wote wawili, na asubuhi ni mimi nitakayewaandalia chai.