Simu Waliyompigia Fiacre

Bunia, Ngezi
Tarehe 24 Agosti 2025

Mpendwa mwanangu Dady,

Nakusalimu kwa mikono miwili, kama tunavyosalimiana mlangoni. Uko namna gani na afya? Kile kikohozi kimekuacha? Na Joëlle mke wako, amezoea baridi? Sikuamini kwamba mwezi wa nane unaweza kuwa wa baridi mpaka Angélique aliponionyesha picha yako umevaa kofia ya sufu kama mtoto mchanga. Nilicheka, kisha nikaomba Mungu usiivue.

Sisi huku tuko wazima. Goti langu linanisumbua mvua ikikaribia, lakini bado linanifikisha misa ya kwanza. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika kiunoni. Angélique, mdogo wako, amepata diplome yake ya kumaliza shule. Tulimmwagia poda kichwani hadi akawa mweupe kama muuza unga, na jina la mji wenu, Toowoomba, alilipigia kelele njia nzima akisema ndiko atakakosomea. Watoto wa jirani sasa wanaliimba.

Tangu baba yako mdogo Fiacre atuache, huu ni mwaka wa pili. Nguo nyeusi nilizivua Pasaka. Viatu vyake vya kazi bado viko kando ya mlango, nafagia kuvizunguka. Na simu yake ndogo naichaji kila siku. Watu wa magari ya garaji yake wanaendelea kupiga, wengine hawajapata habari, nami nawaambia polepole. Wanatoa pole, halafu wanauliza kama gari lao limekwisha kutengenezwa.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya simu hiyo. Nataka jambo hili ulipate kutoka kwangu.

Ulitueleza kwamba huko Australia sheria za visa za mafundi zinageuka kila mwaka, na mwezi wa saba ukikaribia hamlali. Kuna mwaka walipandisha mshahara ambao mkubwa wako wa kazi alipaswa kukulipa. Kuna mwaka tulisali novena, siku tisa nzima, kwa sababu ya orodha ya kazi, tusijue kama mafundi wa magari watabaki ndani yake. Mama Mireille wa pale jirani akauliza ni serikali gani hii inayotutuma kusali upya kila mwaka. Sasa avoka wako, yule mwanasheria, amesema ile barua yenye muhuri na namba ya simu, aliyoisaini baba yako mdogo kabla hajaugua, haitoshi peke yake. Ofisi inayopima ufundi wako inataka kumsikia mkubwa wako wa zamani kwa mdomo wake mwenyewe, athibitishe kwamba ulifanya kazi kwake miaka ile. Bila hiyo hakuna karatasi ya kukaa, na ile mliyo nayo inakufa mwaka huu ukiisha.

Na mkubwa wako wa zamani tumemlaza makaburini.

Unaijua sauti ya Louis, mdogo wa marehemu. Ni ya Fiacre kabisa. Siku nyingine akipiga hodi, mkono wangu unakwenda kuchukua sahani ya pili kabla akili haijafika. Basi Louis alikuja, akakaa, akaomba simu. Alisema wakipiga atajibu kwa jina la kaka yake, maneno mawili tu, nawe utapata karatasi. Hakuna atakayeumia, na marehemu mwenyewe angekubali.

Sikuulizi kama ulijua. Usinijibu neno hilo.

Nilimpa chai. Simu sikumpa. Usifikiri nilikupenda kidogo siku ile, Dady. Fiacre hakuniachia vitu vingi, na alivyoniachia vinachakaa, hata viatu. Jina lake peke yake bado ni zima. Nilijiuliza, kama nikiruhusu liseme uongo mara moja, hata kwa ajili yako, nitalisikia namna gani padri akilisoma siku ya misa yake?

Louis hakuchoka. Alikuwa anakuja kila asubuhi, anakaa uani karibu na ile simu. Ikalia Jumanne, mimi natwanga sombe, majani ya muhogo. Mwanamke alisema kwa Kiingereza, na mwingine akageuza kwa Kiswahili safi, cha watu wa pwani, mpaka niliona aibu kushika simu na mikono ya majani. Akaomba kuzungumza na bwana Fiacre, mwenye garaji ya mtaa wa Saio. Louis akanyoosha mkono. Nikampa mgongo.

Nikasema: "Fiacre alikufa. Mimi ni mke wake. Chakula cha garaji nilikuwa napeleka mimi."

Kisha yule wa Kiswahili akaniuliza kwa upole niliona nini kwa macho yangu.

Mwanangu, shule yangu iliishia darasa la sita, na majina ya vyuma siyajui. Nilisema ninachokumbuka. Nilisema ulikuja kwetu na suruali ya shule, na kabla ya mwaka kwisha hakuna aliyejua rangi yake. Nilisema ulikuwa unaweka sikio karibu na mota na kufumba macho, kama padri anayesikiliza maungamo, na Fiacre aliwanyamazisha wote mpaka ufumbue. Nilisema ulinawa mikono kwa Omo na mchanga, na bado vidole vilichora ugali.

Halafu nikasimulia ile siku ya Fuso ya Mbuyi.

Labda ungependa nisiiseme. Lakini ndiyo iliyokuja mdomoni. Baba yako mdogo alikuwa amekwenda Mahagi. Mbuyi alitoka Kasenyi na samaki wabichi, bwate ya gari, lile sanduku la gia, ikakataa kuingiza, nawe ukaishusha peke yako, ukaitengeneza, ukaipandisha. Gari likawaka, Mbuyi akawa tayari amekaa ndani. Mimi nilileta chakula, nikaona huli. Ukatoa mfukoni buloni moja, ile ya kukaza vyuma, iliyobaki chini baada ya kazi kwisha. Hakuna aliyeiona ila weye. Ukaenda ukamwambia Mbuyi ashuke, ukafungua bwate yote upya na kukaza buloni mpya mahali pa ile iliyochakaa, huku yeye anakutukana wewe na ukoo wako, na nzi wanajaa juu ya samaki.

Fiacre aliporudi na kuambiwa, hakukukemea. Alisema tu: "Sasa hata nikigonjwa, garaji haitafungwa."

Yule mwanamke wa Kiingereza akauliza kitu, na mgeuzaji akacheka kidogo kabla ya kunipa swali. Alitaka kujua samaki walikuwaje. Nikamwambia nusu waliharibika, nusu tulikula Ngezi nzima, na Mbuyi alirudi mwezi uliofuata na hakupeleka gari kwa mwingine Fiacre akiwa hai. Wakaomba namba ya Mbuyi. Niliwapa.

Louis alisubiri nikate. "Shemeji," akasema, "wanakuuliza kama mutoto anajua kazi, weye unawaambia namna alikosa." Akaenda bila kumaliza chai. Nami usiku ule sikupata usingizi, nikiwaza labda ni mimi niliyewafungia mlango, wewe na Joëlle.

Juzi Mbuyi mwenyewe alipita. Wamempigia. Nilimuuliza alisema nini, akavua kofia akajikuna. Aliwaambia: "Ule kijana aliniuaka soko ya samaki. Lakini ile gari iko inatembea mpaka leo."

Zaidi ya hapo sijui, Dady. Hawakuniambia ndiyo wala hapana. Nakuomba umwambie avoka wako leo hii kwamba mkubwa wako amekufa na mjane wake ndiye aliyejibu, asije akalisikia kwa wengine. Wakikubali, mshukuruni Mungu pamoja. Wakikataa, rudini bila aibu. Ufunguo wa garaji uko mahali pake, na ile buloni uliyoitoa mfukoni nimeikuta ndani ya kopo la marehemu, ameifunga kwa kitambaa. Hakutunza vitu vingi vya chuma namna hiyo.

Louis anakusalimu, hasira imempungua, jana aliomba sombe mara ya pili. Angélique anakusalimu, na Mama Mireille, ambaye ameanza novena nyingine bila kuambiwa. Msalimie Joëlle, mkumbatie kwa niaba yangu. Mungu aliyekuonyesha ile buloni akuonyeshe na njia.

Ukipata jibu, piga kwa namba ile ile ya baba yako mdogo. Nitaitika mimi, kwa jina langu.

Wako akupendaye, leo kama siku ile ya suruali ya shule,

Mama yako mdogo,
Émilienne