Gharibu Kaifuta Programu ya Boti

Johari shoga! Gharibu kaifuta programu ya boti ya wagonjwa. Yote!

Unazikumbuka zile amri nilizotengeneza? Unaandika neno moja tu programu inapanda kwenye seva, neno jingine inafutika. Kwenye ya kufuta niliweka swali: una uhakika? Bosi huyuhuyu akaniamuru nilitoe, eti linamchelewesha.

Leo kaleta wageni ofisini hapa Kibiti. Akataka kuwaonyesha anavyofuta programu ya majaribio. Kafuta ile wakunga wanayoitia boti!

Kioo cha kompyuta kikabaki cheupe. Akanigeukia mbele ya watu: "Huyu ndiye kaandika. Nilimtoa kwenye kuvua kaa kisiwani Maparoni nikidhani kichwa kitafunguka."

Kwenye kaa, Johari. Na wageni wakacheka.

Palepale mkunga wa Maparoni akapiga: "Sabra, naita boti kwenye programu haiitiki, na Subira yuko kwenye uchungu, damu zinamtoka."

Subira, wifi yangu!

Nikampigia simu nahodha wa boti, halafu nikakaa kuirudisha programu kutoka kwenye nakala ya akiba, machozi yananidondoka. Yeye kasimama nyuma yangu anawaambia wageni: "Mnaona tunavyorekebisha haraka?"

Wakampigia makofi. Yeye!

Subira yuko hai. Mtoto kafa kabla boti haijafika.

Nikamfuata Gharibu nikamwambia mtoto wa kaka yangu amekufa. Unajua kanijibu nini?

"Pole. Kesho usije, wageni wanataka kupiga picha na sisi, na wewe macho yamevimba."