Maneno Haya ni ya Kaaha

Bulla Iftin,
S.L.P. 318,
Garissa.
14 Machi 1999

Mpendwa mdogo wangu Keinan,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe, na mkeo Saynab, na huyo Ruweyda wenu ambaye sisi tunamjua kwa picha tu? Huku sote tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa goti la bibi yetu, Ayeeyo, na joto la mwezi huu, ambalo hata kuku wamelichoka.

Nakuandikia Kiswahili kama kawaida yetu. Kisomali tulikipata mdomoni, kalamu tukapewa na walimu wa bara. Najua utasoma ukinitafutia makosa kwa sababu mimi ni mwalimu. Tafuta, hutayapata.

Mwezi uliopita nilifika Balambala. Pale palipokuwa na nyumba yetu ya mikeka sasa pamelimwa matikiti. Nilisimama nikalia kidogo, sikufichi. Nilikumbuka Ayeeyo akisuka mkeka, wanawake wamemzunguka, naye akitunga buraanbur zake, yale mashairi ya wanawake, huku mkono hausimami.

Unaikumbuka sheria yake? Hakuna kughani kabla ya kumtaja mwenye maneno. Maneno haya ni ya Kaaha binti Alio, aliyatunga Balambala mwaka wa ukame, akimlilia mwanawe Ramla. Ndipo shairi lianze. Siku moja wewe na haraka zako uliingia katikati, na wanawake wakakuzima kwa swali moja tu: ya nani? Ukarudi mwanzo mdomo umeuvuta. Shairi lilikuwa la Ayeeyo la kumlilia mama yetu, nawe ulikuwa mdogo mno kumkumbuka, ndiyo maana tulikuachia ulighani wewe.

Na Salah je, yule dereva wa lori la ng'ombe? Alirudi kutoka Elwak akalighani pale kwetu akinywa chai, hajui amekaa nyumbani kwa nani. Alikuwa amelisikia kwa mchunga ngamia ambaye hajawahi kuuona mto wetu. Lakini alianza na jina. Lilipita midomo ya watu wangapi sijui, jina likafika zima. Ayeeyo alimchinjia mbuzi siku ile, na sisi tukala mpaka tukashindwa kulala.

Sasa nifike kwenye lililoniuma. Ulipokuja mwaka juzi na kinasa sauti chako, Ayeeyo alikughania shairi hilo. Baadaye ukatuandikia kwa furaha kwamba umeliweka kwenye intaneti, watu wa London na Dubai wanalisikiliza, na kwamba mwanzo umeukata kwa kuwa ni mrefu, una kikohozi na mbuzi analia. Hiyo intaneti mimi sijaiona, naisikia tu kama ninavyoisikia theluji yenu. Lakini ule mwanzo haukuwa porojo, Keinan. Lilikuwa jina.

Januari, kwenye arusi ya Naimo, binti wa jirani, Ayeeyo aliombwa aghani. Akajitaja, akaanza. Wasichana wakatazamana wakacheka, mmoja akasema bibi huyu naye anajitwalia maneno ya kaseti. Ayeeyo alimsikia. Alikaa chini, akajifunika shela, na tangu siku hiyo hajafungua kinywa kughani mbele ya watu.

Kesho yake tulikwenda Soko Mugdi kwa Morris, kijana wa Machakos anayeuza kaseti. Akatuwekea. Vijana wa Islii wameligeuza ngoma ya kumtoa bibi arusi, kinanda kinaruka juu chini. Siku ile uliyomnasa, Ayeeyo aliruka mstari mmoja kwa ajili ya kikohozi. Nao wameuruka huo huo. Hapo nikajua wamelitoa kwako.

Ayeeyo hajui kusoma, lakini alilishika lile boksi akaligeuzageuza, akamwuliza Morris kwa Kiswahili chake, "Jina yangu iko wabi?" Morris alitafuta pande zote kwa heshima kabisa. "Haiko, mama. Wameandika ni wimbo wa zamani, hauna mwenyewe."

Basi nisikilize, mdogo wangu. Rudisha mwanzo wote, na kikohozi chake na mbuzi wake. Chini yake andika nani alitunga, wapi na kwa ajili ya nani. Tena usiliweke lote. Weka kipande, anayetaka lililobaki abishe hodi, nawe umwambie akilighani amtaje mwenyewe. Kanda ile ya kwanza usiifute, hiyo ndiyo shahidi wetu. Hao vijana waandikie kwa adabu, maana hata ngamia asiye na chapa, atakayemkuta njiani atamfunga kwake. Chapa tuliifuta sisi wenyewe.

Ayeeyo naye amefanya lake. Wiki iliyopita aliniita nikiwa jikoni, akaniambia niwashe redio ya kaseti nimnase. Unajua shairi lile ni la K, na kila mstari lazima ubebe neno la sauti hiyo. Sasa jina lake amelitia ndani ya mistari yenyewe. Mtu akilikata, mstari unachechemea, na kila mwenye sikio atauliza hapa palikuwa na nini. Kanda hiyo anakuletea Abdisamad pamoja na barua hii.

Utamsikia sauti imepungua. Sidhani atalighani mara nyingi tena. Wala kinachomsumbua si kaseti kuuzwa. Anaogopa Ruweyda atakua alicheze arusini huko kwenu, asijue kwamba ni kilio cha msiba wa mama yetu. Nami naogopa vivyo hivyo.

Mjomba wetu, Abti Kulow, anakusalimu, anauliza kama bado unakunywa chai bila maziwa. Naimo na mumewe wanakusalimu.

Ayeeyo pia. Nilimwuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake, akasema niandike jina lake tu, lote: Kaaha Alio Kulow. Nimeliandika. Usilikate.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akukutanishe na Ayeeyo akiwa hai.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Abshiro