Waliokula Sita

Mpendwa Baba Rasoa,

Jana binti yetu aliniuliza kwa nini baba yake, mpishi aliyesifiwa Kitisuru nzima, hakuacha hata karatasi moja ya mapishi. Nilimjibu kwamba hukupenda kuandika. Usingizi ulinikataa kwa uongo huo, na leo nimetoka kanisani nikakaa nikuandikie, maana wa kuambiwa kwanza ni wewe.

Ulipenda sana kuandika. Memsahib Doroti ndiye aliyekupa lile daftari la jalada jeusi. Alitoka Kanada, nchi ambayo mimi nilidhani ni mtaa wa Uingereza, na alikuwa anaandika kitabu cha vyakula vya kwao. Ladha za jikoni kwa mama yake alizikumbuka zote, lakini hata kukaanga yai kulimshinda. Basi yeye alikaa kwenye kiti akaeleza, nawe ukajaribu. Pai ya nyama ya nguruwe ya Krismasi. Supu ya njegere kavu. Maharagwe yanayookwa kwenye chungu kutwa nzima. Ulirudi kwenye chumba chetu nyuma ya nyumba yao ukanisimulia kwamba huko watu hutoboa miti theluji ikiwa bado chini, wakakinga maji yake na kuyachemsha mpaka yawe kama asali. Nilicheka. Ukasema, "Usicheke, nimeonja."

Kopo la asali hiyo lilipokwisha, wewe ndiye uliyefikiria sukari nguru. Uliiyeyusha, ukaichemsha mpaka ikawa nyeusi, ukaimwagia maharagwe. Memsahib alipoonja alikwenda kusimama dirishani na kujifuta macho. Tangu hapo alitaka kila chakula kiandikwe, vipimo vyake na jinsi wageni walivyokipokea. Ukawa unaandika kwa mwandiko wako wa shule ya misheni: Waliokula sita. Walioomba tena wanne. Aliyekataa mmoja.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Jumamosi ile tulikwenda sokoni Kangemi kununua sukari nguru, nawe ulibeba daftari ili usikosee kipimo. Tulikuwa bado tunachagua askari walipozunguka soko. Tukachuchumaa wote, mikono kichwani. Askari alisoma kipande chako cha kitambulisho, akaona wewe ni mtu wa Maragoli, si wa kabila walilokuwa wakilisaka, akakuambia uende zako. Ulikuwa umeshasimama. Ndipo alipoliona daftari mfukoni.

Alilifungua akasoma kwa sauti: "Waliokula sita. Walioomba tena wanne."

Siku zile hakuna aliyeuliza wamekula nini. Watu walikuwa wananyongwa kwa kula kiapo cha kupigana na Wazungu.

Ulisema ni maharagwe. Akakupiga kofi. Ukasema tena, kwa sauti ileile ya upole, kwamba ni maharagwe ya memsahib. Akanigeukia mimi.

"Na wewe mama, hii kitabu unaijua?"

Nililijua, Baba Rasoa. Nilikuwa nimesoma kila ukurasa, na maneno mengine uliniuliza mimi jinsi ya kuyaandika. Lakini Rasoa alikuwa mgongoni mwangu, na mdomo wa bunduki ulikuwa karibu na kichwa chake.

"Siijui," nikasema. "Sijawahi kuiona."

Walikupakia kwenye lori. Hukugeuka kunitazama.

Nilikatiza mashamba ya kahawa mpaka Kitisuru, nusu nakimbia, mtoto analia mgongoni. Bwana wa memsahib alikuwa barazani anakunywa chai. Alisema serikali inajua kazi yake, na mpishi mwingine atapatikana Jumatatu. Memsahib aliingia ndani, akatoka na furushi la karatasi zake zilizopigwa taipu, akanifungulia mlango wa gari.

Kituoni ulikuwa umekaa sakafuni, mdomo umevimba. Ofisa wa Kizungu alilinganisha daftari na zile karatasi, pai kwa pai, supu kwa supu. Vipimo vilikuwa sawa. Nikaanza kupumua. Kisha akaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza, akauliza jambo kwa Kiingereza. Karani aliyesimama karibu nami alininong'oneza: kitabu kinasema memsahib amepika kila kitu kwa mikono yake mwenyewe. Kama ni hivyo, daftari mfukoni mwa mpishi ni la nini?

Karatasi zile zilikuwa zipelekwe kwao kuchapishwa wiki hiyohiyo, na jina la memsahib juu. Aliushika ukingo wa meza mpaka vidole vikawa vyeupe. Niliwaza, basi, mume wangu amekwisha.

Akakutazama wewe, si ofisa, akasema kwa kile Kiswahili chao, "Mimi hapana pika hata moja. Yeye napika yote. Mimi naandika tu."

Akachukua kalamu ya ofisa, akaufuta mstari ule mbele yake. Ofisa akauliza wale sita ni nani. Akawataja mmoja mmoja, na wa tatu alikuwa mkubwa wa ofisa mwenyewe. Na aliyekataa? Memsahib akasema ni bwana yake.

Walikuachilia jua halijazama. Ulipofika nyumbani ulilitia daftari kwenye jiko la makaa, ukakaa ukilitazama mpaka likawa majivu. Hukuandika tena maisha yako yote. Kitabu chake kilipokuja kwa posta, jina lako lilikuwamo, chini ya lake. Ulilisoma mara moja ukanipa nikiweke.

Mara nyingi nilitaka kukuambia habari ya neno nililolisema sokoni. Nilisubiri tuwe wawili tu, wewe uko kwenye sufuria, nami nakatakata vitunguu. Lakini kila uliponiona nimevuta pumzi, ulinipa kijiko. "Onja chumvi kwanza, Mama Rasoa." Nikaonja, nikanyamaza. Miaka yote hiyo nilidhani ni bahati mbaya tu. Sasa najua kwamba ulinisikia siku ile, na hukutaka niinamishe kichwa mbele yako.

Leo huna kijiko cha kunizuia. Nilikukana, nawe ulikuwa na damu mdomoni. Nisamehe. Kesho nitamwambia Rasoa yote, na hili pia.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
Mama Rasoa